Umeme wa Kwenda, Umeme wa Kurudi

Land Rover la baba mkwe lina taa 11 kwa nje. Jioni lilipotolewa bandani kujaribiwa, ziliwaka mbili, na hizo mbili si zile zilizowashwa. Ukikanyaga breki, taa ndogo za mbele zinakukonyeza. Ukitia indiketa ya kulia, taa za nyuma zinapepesa pande zote, ili dereva aliye nyuma achague mwenyewe. Ukiwasha taa kubwa, zenyewe haziwaki, ila mshale wa mafuta unapanda mpaka mwisho, na kwa muda huo mfupi nyumba nzima inajiona tajiri.

Mambo hayo yasingetusumbua kama si harusi. Binti wa wifi yangu, mjukuu wa kwanza wa nyumba hii ya Tanga, alikuwa anaolewa Muheza, na mzee alishatamka mbele ya wajumbe wa pande zote mbili kwamba bibi harusi atapanda gari la babu yake. Mzee si msemaji. Jambo akilisema mara moja, hakuna anayengoja alirudie. Harusi yenyewe ilikuwa ya usiku, na barabara ya kwenda Muheza ina malori na ina trafiki, na wote hao wanapenda kuona taa.

Gari hilo liliundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Lilianza kazi kwenye shamba la mkonge ambako mzee alikuwa karani, na lilipopelekwa mnadani akalinunua yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua linavyowashwa. Bodi lake ni la aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgawo kule Uingereza kwa sababu ya vita vilivyopita, na aluminiamu ilikuwepo. Chuma kilipopatikana tena, desturi ikawa imeshashika. Chesisi ndiyo ya chuma. Msomaji aiweke akilini habari hiyo, aluminiamu juu na chuma chini, maana ndiyo iliyotukosesha usingizi.

Kwanza aliitwa fundi umeme wa magari. Akainua boneti, akatazama wayaringi, akaishusha boneti taratibu, akataja bei. Mume wangu akacheka. Yeye ni mwalimu wa fizikia, na somo la mkondo wa umeme amelifundisha mpaka watoto wa wanafunzi wake wa mwanzo nao wamelifeli. "Umeme ni ule ule, mama watoto," akaniambia. "Volti 12 tu hizi. Haziui hata panya."

Kweli haziui panya. Panya ndio walioziua. Waya za asili za gari lile zilikuwa zimekusanywa katika furushi moja refu, likavikwa uzi wa pamba uliosukwa, kazi ya kupendeza macho. Sasa ukishika, uzi unabaki mkononi na kugeuka vumbi, na waya zilizo ndani zina meno ya vizazi kadhaa. Pale panya walipoishia, mafundi walianzia. Mume wangu alipokuwa akilichomoa furushi alikuta waya wa pasi, waya wa spika, na waya wa kengele ya mlango ambayo hakuna nyumba ya ukoo wetu iliyowahi kuwa nayo. Gari zima lina fyuzi mbili, na mojawapo ilikuwa imevikwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki kamwe. Kitakachokatika ni gari.

Waingereza wenyewe wana mzaha wa miaka mingi kuhusu umeme wa magari yao. Vifaa vingi vya umeme vya magari hayo vilitoka kwa Lucas wa Birmingham, kampuni iliyoanzishwa na Joseph Lucas, mtu aliyeanza kwa kuuza mafuta ya taa kisha taa zenyewe. Basi wenye magari wakamtawaza kuwa Mkuu wa Giza. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja na mzaha huo kutoka Dar es Salaam pamoja na mizigo mingine tutakayoifikia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Huyo Lucas hajawahi kuvuta sigara ndani ya gari langu." Mzaha ukaishia hapo, na kwa haki. Marehemu alifariki mwaka 1902.

Furushi likahamia sebuleni. Lilitandazwa mkekani kutoka mlango wa mbele mpaka karibu na choo, na wageni wa harusi waliokuja kuleta salamu wakawa wanaliruka wakiwa na sinia mkononi. Kazi ilikuwa kuunda jipya kwa kufuata la zamani, waya kwa waya. Na kazi hiyo, kumbe, inahitaji vifaa vya jikoni. Ulikwenda mkasi wa mama mkwe wa kukatia mapezi ya samaki. Vikafuata vibanio vya nguo, vya kubania waya zilizo kundi moja. Umeme wa nyumba ulipokatika katikati ya kulehemu, jiko la mkaa nalo likaenda, chuma cha kulehemu kikapashwa hapo hapo kwenye makaa yaliyokuwa yanangoja maandazi. Kopo la mafuta ya mgando la mtoto likaenda kupaka vichwa vya betri, visishike kutu. Mama mkwe alivumilia mpaka siku alipokwenda uani na beseni la nguo mbichi asikute kamba.

"Mwanangu," akaniambia, na nilijua maneno si yangu ila yanapitia kwangu, "naona vitu vinakwenda tu. Kurudi sioni."

Kesho yake akatuma mtoto dukani akanunue daftari. Akapiga mstari katikati ya ukurasa: upande huu Kwenda, upande huu Kurudi. Akalitundika kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jiko, kalamu pembeni. Upande wa kwanza ukajaa mara moja. Upande wa pili akaandika mzee peke yake, kijiko.

Sasa kuhusu rangi. Waya za magari ya Kiingereza ya enzi hizo zina mpangilio mmoja, na ukiujua, gari lote linasomeka. Kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri, haupiti fyuzi wala ufunguo; huo haulali. Nyeupe unaamka unapozungusha ufunguo. Kijani umepitia ufunguo na fyuzi. Bluu ni wa taa kubwa, nyekundu ni wa taa ndogo, mweusi unakwenda kwenye bodi, yaani ethi. Indiketa ya kushoto ni kijani chenye mstari mwekundu, ya kulia ni kijani chenye mstari mweupe. Kwenye karatasi ni elimu safi. Kwenye waya zilizokaa miaka sitini kando ya injini, kahawia, nyekundu na kijani zimekuwa rangi moja, rangi ya uzee.

Kwa hiyo ikabidi kutegemea mchoro. Ulikuwemo kwenye kitabu cha mafundi alichopewa mzee zamani za shamba, ukatolewa kopi. Umechapwa kwa wino mweusi mtupu na kila waya umeandikiwa rangi yake kwa herufi moja. R ni nyekundu, G ni kijani, W ni nyeupe, hapo mwalimu hakupata taabu. Akakuta N, akasema nyeusi. Akakuta B, akasema bluu. Akakuta U, akafikiri kidogo, akasema urujuani, akafurahi kwamba Waingereza walikuwa na busara kiasi hicho. Ukurasa wa pili, wenye maelezo ya herufi, haukutolewa kopi ili kuokoa shilingi mia.

Ukweli wa mchoro ule ni kwamba N ni kahawia, B ni nyeusi na U ndiyo bluu. Kwa maneno mengine, waya usiolala, ule unaotoka betri bila fyuzi, mume wangu aliuvalisha rangi nyeusi. Halafu akaenda msikitini. Shemeji akabaki akisaidia, na shemeji katika umeme wa magari anajua jambo moja, ambalo ni sahihi kabisa: waya mweusi unafungwa kwenye bodi. Akachukua bisibisi, akaufunga kwenye bodi. Akaukaza vizuri.

Mwalimu aliporudi, betri ikaunganishwa mbele ya ukoo. Hakuna taa iliyowaka. Ulitoka moshi, kwanza mwembamba kwenye matundu ya dashibodi, kisha mnene, wenye harufu ya plastiki ambayo mapazia yetu ya sebuleni bado yanaikumbuka. Mume wangu akaita spana namba kumi. Spana namba kumi ilikuwa imeandikwa kwenye daftari upande wa Kwenda. Shemeji akamwaga ndoo ya maji miguuni mwake mwenyewe. Mzee akanyanyuka kwenye kiti cha uvivu, akaja kwa mwendo wake wa kila siku, akashika kichwa cha waya wa betri ambacho yeye, kabla ya yote, alikuwa amekiacha kimechomekwa tu bila kukazwa, akakichomoa kwa mkono. Akarudi kukaa.

Aliyegundua siri ya herufi ni binti yetu wa kidato cha pili. Alikifungua kitabu chenyewe, akafunua ukurasa unaofuata. Hakusema kitu kwa baba yake. Aliweka kitabu mezani karibu na chai yake, kimefunuka, akaenda kulala. Adabu hiyo ameirithi kwa babu.

Furushi likaanza upya, na safari hii binti ndiye aliyekuwa na kitabu. Kila ncha akaivisha kipande cha tepu na jina lake: kahawia betri, bluu na nyekundu taa ya kukutana na gari, kijani na zambarau breki. Mume wangu akatia fyuzi za ziada, kwa sababu aligundua kwa mshangao kwamba taa kubwa za gari lile zilitoka kiwandani bila fyuzi hata moja. Akatia na rilei. Taa mbili za wati 60 zinavuta ampea 10 kwa pamoja, na kuzipitisha zote kwenye swichi ndogo ya mwaka 1964 ni kuiomba ichemke. Rilei inapokea amri kutoka kwenye swichi kwa waya mwembamba, kisha yenyewe inafungua njia nene kutoka betri hadi taa. Hapo nilianza kuamini kwamba tutafika Muheza.

Ndipo mizigo ya shemeji ilipofunguliwa. Alikuwa ameleta kutoka Kariakoo balbu za kisasa za LED kwa ajili ya indiketa na breki, na redio ya Bluetooth kwa ajili ya muziki wa harusi. Balbu zikachomekwa, hazikuwaka. Redio ikaunganishwa, ikasema neno moja la Kichina, ikanyamaza moja kwa moja. Shemeji akalaumu duka. Mzee, bila kunyanyuka, akauliza: "Umefunga chanya wapi?"

Katika magari ya leo, upande hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Katika gari lile, kama magari mengi ya Kiingereza ya wakati wake, ni kinyume: chanya ndiyo iko kwenye bodi. Balbu ya kawaida haijali, uzi wake unawaka umeme ukija kutoka upande wowote. LED inajali sana. Redio inajali kwa maisha yake. Na hata kama zile LED zingewaka, indiketa isingekonyeza, kwa sababu kile kikebe cha zamani kinachokata na kuunganisha umeme kinahitaji joto la balbu nzito za wati 21 ndipo kifanye kazi. Balbu za kawaida zikarudishwa. Ikawa kitu cha kwanza cha mume wangu kuandikwa upande wa Kurudi, ingawa mama mkwe alisema hakihesabiki kwa kuwa hakikutoka jikoni.

Siku moja kabla ya harusi, waya zote zilikuwa mpya, rangi zake sahihi, tepu zake safi. Gari likawashwa. Ukikanyaga breki, taa ndogo za mbele zikakonyeza. Ukitia indiketa ya kulia, taa za nyuma zikapepesa pande zote. Mchezo ule ule, kwa waya mpya.

Mume wangu alikaa chini kwenye mchanga wa uani. Mimi nilileta maji ya kunywa, mama mkwe akaleta nasaha, na mzee akaleta balbu moja yenye waya mbili, chombo chake cha kupimia tangu shambani. Waya mmoja akaubana kwenye hasi ya betri. Wa pili akaugusisha kwenye chesisi: balbu ikawaka. Akaugusisha kwenye chuma cha taa ya nyuma: giza. Taa ya pili: giza. Taa za mbele, huku na huku: giza.

"Mwalimu," akasema, "unapeleka. Nani anarudisha?"

Taa moja inahitaji njia mbili. Waya mmoja unaleta umeme, na njia ya pili, kwa kuokoa waya, watengenezaji waliiacha kwa gari lenyewe: umeme upite kwenye bodi, uingie chesisi, urudi betri. Lakini bodi ni la aluminiamu, limefungwa kwa boliti za chuma kwenye chesisi ya chuma, na gari limekaa miaka yote katika hewa ya chumvi ya Tanga. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja inaila nyingine. Aluminiamu ndiyo inayoliwa, inatoa ungaunga mweupe, na ungaunga huo haupitishi umeme. Juu yake shemeji alikuwa amepaka rangi mpya ya harusi, mikono miwili, mpaka kwenye vikalio vya taa. Njia ya kurudi ikawa imefungwa pande zote. Umeme usipopata njia yake hauketi kungoja. Unatafuta ya jirani. Ulioingia kwenye indiketa ulipita katika uzi wa taa ya breki, ukaenda mpaka taa ya upande wa pili, ukirudi nyumbani kwa kuzunguka mtaa, na kila taa uliyoipitia ukaiwasha kidogo.

Mume wangu alijaribu kujitetea kitaalamu. "Baba, kwa kitabu, humu chanya iko kwenye bodi, kwa hiyo umeme unatoka kwa bodi na kurudi kwa waya."

"Vyovyote," akasema mzee. "Njia ni mbili. Wewe umejenga moja."

Usiku ule hatukulala. Msasa ukasugua rangi ya shemeji kila penye taa mpaka metali ikang'aa. Kila taa ikapewa waya wake mweusi, mweusi wa kweli, kwenda chesisi, na mafuta ya mgando juu yake kuzuia chumvi. Shida ikawa waya za nyuma, ambazo kwenye gari lile zinapita ndani ya chesisi yenyewe, kwenye uwazi wa chuma wenye tope la mashamba yaliyokwishakufa. Ukisukuma waya unajikunja. Binti akasukuma kwanza mpira wa kumwagilia bustani, ukatokea upande wa pili. Mwishoni mwa mpira ikafungwa kamba ya katani, ile ya kuanikia nguo, na mwishoni mwa kamba furushi la waya. Mume wangu na shemeji wakavuta nyuma, binti akalisha mbele, mama mkwe akiwa ameshika taa ya chemli na kusema taratibu, taratibu. Kamba ile ilitokana na mkonge, na gari lile lilizunguka kwenye mkonge miaka yake ya ujana, kwa hiyo nadhani zilielewana. Furushi likatokea. Alfajiri kila taa iliwaka ilipoambiwa, na ilipoambiwa izime ikazima.

Harusini tulikwenda na kurudi. Kuna jambo moja lililotushtua njiani: gari likisimama, taa kubwa zinafifia na kugeuka njano, ukikanyaga mafuta, zinarudi nyeupe. Shemeji alitaka tulisimamishe tufungue boneti pale pale, bibi harusi ndani. Mzee akamweleza kwamba dainamo ya kale haitoi kitu injini inapozunguka polepole, na hata ikizunguka kwa nguvu mwisho wake ni ampea 22. Dawa yake ni dereva asikae sana penye foleni. Basi mume wangu aliendesha kwa kukanyaga mafuta kila tuliposimama, na watu wa Muheza wakadhani ni shamrashamra.

Trafiki alitusimamisha mara moja. Alizunguka gari na tochi, akaagiza breki, akaagiza indiketa, akaagiza taa kubwa. Kila alichokiagiza alikipata. Akamsalimia mzee, shikamoo, akauliza wayaringi ni ya nani. Mwalimu alikuwa amekwishafungua mdomo. Mzee akamwonyesha mjukuu wake wa kidato cha pili.

Mama mkwe hakulala mpaka tuliporudi. Nilimkuta amelishusha daftari kwenye msumari wake. Upande wa Kwenda ameandika: Land Rover, Muheza, na maharusi. Upande wa Kurudi: limerudi saa nane usiku, taa zote zinawaka isipokuwa ya namba ya gari. Chini yake, kwa mwandiko mkubwa zaidi: mkasi bado.